Daftari la Nyumba ya Wakfu

Kabla sijakabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti, nilidhani kazi ya mwenye nyumba ni kupokea tu. Nyumba yetu ya wakfu ina vyumba sita, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya haraka ni 3,600,000 kwa mwaka, zote za mayatima.

Mwaka jana daftari lilinifunza adabu. Chumba kimoja kilikaa kitupu miezi miwili: 100,000. Upepo wa masika uling'oa mabati: 640,000. Gari la kunyonya choo lilikuja mara mbili: 160,000. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, nasi huwarejeshea wapangaji, maana ni deni la mwenye nyumba. Na mafakihi wameeleza kuwa matengenezo ya wakfu hutangulia mgao. Basi mayatima walingoja bati.

Kisha mpangaji mmoja akafariki. Mjane wake alipofikisha miezi minne bila kulipa, niliandika ilani ya kuhama. Nikiwa mlangoni kwake nikakumbuka kuwa hajatoka eda. Nikaona haya, nikairudisha mfukoni.

Qur'ani (2:280) inatuelekeza kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki. Muhula tulimpa. Kusamehe hatukuweza, kwani mali si yetu. Zile 200,000 tulizichanga wanakamati.

Ndugu msomaji, ukijenga nyumba ya kupangisha, weka akiba ya bati, ya choo na ya mpangaji atakayeshindwa. Asiyeiweka ataitafuta kwa mjane.

Wabillahi tawfiq.