Kupanua injini si kuongeza nguvu

Humu tumeshasoma habari za ushonaji, saluni na biashara ya rolex. Leo acha niandike ya gereji, maana kuna maneno mawili yanawamaliza watu pesa: "Niongezee injini."

Maneno hayo alikuja nayo mama mmoja Mkongomani mwenye Canter ya zamani. Gari hiyo inabeba unga kutoka vinu vya Kisenyi kupeleka Nakivale, na barabara ya kwenda Mbarara ni safari kweli, si mchezo. Gari ilikuwa imechoka: moshi wa bluu, oili inaisha kila safari, kilima inapanda kama mtu mwenye pumu. Kwenye gereji nyingine walishamwambia atoe injini hiyo, afunge kubwa zaidi. Pesa aliyoshika ilikuwa mkopo wa kikundi chao cha akiba. Yaani hapo tukicheza, wanaolala njaa ni akina mama wengi, si mmoja.

Mzee wetu wa gereji aliiwasha, akafungua kifuniko cha oili, akaangalia inavyopumua. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu: "Mutoto, hii moteri imechoka, haiyakufa. Tupime kwanza."

Injini yake ni 4D32 ya Mitsubishi. Kutoka kiwandani kila silinda ina upana wa milimita 104, na pistoni inapanda na kushuka milimita 105. Silinda ziko nne. Ukipiga hesabu unapata kama sisi 3,567. Tuliitoa injini, tukaifungua yote, tukapima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Iliyolika zaidi ilikuwa imepanuka milimita 0.22, huko juu ambako ringi zinasugua kwenye moto mwingi.

Sasa hesabu ndiyo hii. Pistoni za kuzidisha zinauzwa kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75, mpaka 1.00. Mtu anaweza kusema, si imelika 0.22, basi 0.25 inatosha? Hapana. Hiyo 0.25 ni upana wote, kila upande unakatwa nusu yake, na silinda mara nyingi inalika upande mmoja zaidi. Ukikata kidogo hivyo, sehemu iliyolika inabaki na kovu. Kwa hiyo tulichukua 0.50. Pistoni tulinunua kwanza, tukazipeleka pamoja na boloku kwa fundi wa mashine, akakata kufuata kila pistoni. Ukikata kabla ya kuwa na pistoni mkononi, unabahatisha.

Je, injini "imeongezeka"? Ndiyo, kutoka sisi 3,567 kwenda kama 3,602. Ni sisi 34 hivi, haifiki hata asilimia moja. Hiyo haiwezi kupandisha mzigo kilimani. Kilichorudisha nguvu ni kufunga mahali palipokuwa panavuja. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inawaka kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikapata joto kali. Silinda ikilika, hewa inapenya pembeni ya ringi, joto linapungua, dizeli haiungui vizuri, na oili nayo inapanda juu kuungua. Nguvu ya yule mama haikuwa ndogo. Ilikuwa inavuja.

Na ile injini kubwa aliyoshauriwa? Ipo, 4D33, ya sisi 4,214, kwa sababu silinda zake ni milimita 108 na pistoni inatembea 115. Ni injini nzuri. Lakini ukiifunga kwenye gari ya zamani, klachi na gia zinapata kazi ambayo hazikuizoea, na dereva anashawishika kuongeza magunia. Breki zinabaki zile zile, na kilima ulichokipanda kwa nguvu lazima ukishuke. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha injini bila kubadilisha makaratasi, siku polisi wakilinganisha, utaeleza mpaka jua lizame. Kwa mtu mwenye kitambulisho cha mkimbizi, maelezo hayo yanakuwa marefu zaidi.

Baada ya kukata, kuta za silinda zinaachiwa mikwaruzo midogo inayokingamana ili ishike oili. Kisha unaosha kwa sabuni na maji, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Ringi unaipima pengo lake ndani ya silinda kabla ya kuivalisha pistoni. Na kilomita 1,000 za kwanza, mzigo mwepesi. Mama alinung'unika hapo, nikamwambia: "Mama, ringi zinazoeana na silinda kama ndoa mpya. Usiwape magunia leo."

Nina neno kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na tunashukuru kwa mafunzo na masanduku ya spana. Ila spana inafungua tu. Kinachomzuia fundi kumdanganya mteja, au kujidanganya mwenyewe, ni kipimo cha silinda na mikromita. Kimoja kikiwekwa mahali pa pamoja, kinaweza kuhudumia vijana wa gereji kumi.

Na wewe kijana unayejifunza, mteja akisema "niongezee", usimcheke na usimkubalie haraka. Mpimie mbele ya macho yake, mwandikie namba kwenye karatasi. Asiyejua jina lako wala ulikotoka, namba hizo anaweza kwenda kuziuliza popote, na zitakuwa zile zile.