Jogoo Aliyekuja na Kamba Mguuni

Ukitoka stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, ukashika barabara ya Dodoma, utafika Kihonda. Ukigeuka nyuma unaiona milima ya Uluguru imejifunika wingu. Wengi wetu hapa ni wahamiaji, kila mmoja ana kwao, na tunajuana kwa salamu tu. Hapo ndipo alipotukuta jogoo, Jumatano jioni.

Alikuwa mwekundu, mkia mweusi, mguuni ana kipande cha kamba ya katani. Alijichanganya na matetea wetu wanne kama aliyealikwa. Baba watoto akasema, "Kitoweo cha Jumapili hicho." Mwanangu wa miaka minane akaruka: "Hapana! Tumfuge. Kaja mwenyewe."

Kwanza nilimtenga. Kuku mgeni hujui katoka na nini, na kideri kikiingia bandani kinaweza kumaliza kundi zima kwa siku chache. Nikamfunga chini ya mwembe, na maji yake na pumba zake. Alfajiri akawika mtaa mzima ukaamka. Wanaosema jogoo la shamba haliwiki mjini hawajawahi kulala kwetu.

Nakiri, nami nilitamani abaki. Hatukuwa na jogoo, na bila jogoo mayai hayatoi vifaranga. Lakini ile kamba ilinisumbua. Kuku mwenye kamba ana mtu aliyemfunga. Nikamwambia mwanangu, "Tukikaa kimya hatujaokota, tumechukua."

Jumamosi tukatoka wawili, nyumba kwa nyumba. Kwa mjumbe, hapana. Kwa muuza genge, hapana. Nilibisha hodi kwenye mageti niliyokuwa nikiyapita miaka mitatu bila kujua nani anaishi ndani. Mtaa wa tatu tukamkuta bibi barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Alikuwa ametoka Singida Jumatano, na jogoo wake, kuja kumtazama binti yake aliyejifungua. Wakati wa kushusha mizigo kamba ikakatika, jogoo akapotea. "Nimeingia kwa mzazi mikono mitupu," akasema. "Hata chakula nakula kwa haya."

Mwanangu aliniangalia, kisha akaangalia chini. Tulirudi nyumbani, akamfungua jogoo mwenyewe, akambeba kifuani njia nzima bila kusema neno. Bibi alimpokea kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu.

Jumapili tulikula maharage. Mtoto hakunisemesha mpaka jioni, nami nikajiuliza kama nimemfundisha jambo au nimemwonea tu.

Jumatatu akitoka shule aliomba twende kumwona mtoto mchanga. Tulimkuta mzazi anakunywa supu, na mwanangu akaelewa ni ya nani. Alinyamaza kidogo, akamtazama mtoto aliyekuwa akinyonya.

"Mama, kwa hiyo na huyu anamla jogoo wetu?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Na huyu."

Akatikisa kichwa, akaomba ampakate.