Waya wa Choki Njiani Nyamira

Nchi ya Wagusii ni ya vilima, migomba na michai, na mvua yake hushuka alasiri bila ya hodi. Ndiyo iliyotukuta kati ya Kisii na Nyamira, mimi na bwana yangu, tukienda kumpa mkono wa taazia jirani yetu wa zamani aliyefiwa na mamaye. Volkswagen yetu kuukuu ilikohoa, ikazima. Bwana yangu akafunua injini, ambayo kwa gari hili iko nyuma, akazichomoa nyaya za koili, akazipangusa, akazirudisha. Haikuwaka hata kwa kusukumwa.

Kijana fundi aliyepita na pikipiki aliinama kidogo tu. "Mzee, waya huu wa choki ulikuwa upande huu?"

Koili ina ncha mbili: ya 15 hupokea umeme wa swichi, ya 1 huupeleka kwenye distribyuta, inayoukata ili cheche izaliwe. Waya wa choki ukifungwa kwenye 1, umeme hupata njia ya kuingia bodi la gari, haukatiki, na cheche haiji. Bwana yangu alijifanya kutazama mawingu. Mimi nami nilinyamaza. Ndoa yetu ina miaka 30.

Waya ulihamishwa, gari likanguruma. Tulifika magharibi, watu wakitawanyika, na mfiwa angali mlangoni akiiangalia barabara.