Nani Anayekabidhiwa Kesho? Mtu Mweusi katika Sinema za Kiyama

Suala la uwakilishi katika sinema za bunilizi ya kisayansi za miaka ya 1950 aghalabu hujadiliwa kwa kuhesabu nyuso. Hesabu hiyo ina manufaa yake. Katika Forbidden Planet (1956), kwa mfano, chombo kinachovuka anga katika karne zijazo kimejaa mabaharia weupe watupu. Hata hivyo, idadi pekee haifichui kiini cha tatizo. Utanzu huu husimulia kesho ya binadamu. Kwa hiyo swali lililo zito zaidi ni nani anayekabidhiwa kesho hiyo. Filamu mbili za Marekani kuhusu watu wachache walionusurika maangamizi ya kinyuklia zinalidhihirisha swali hili waziwazi.

Ya kwanza ni Five (1951) ya Arch Oboler. Miongoni mwa manusura watano yumo Charles, mtu mweusi mpole na mwenye bidii, aliyeigizwa na Charles Lampkin. Eric, mmoja wa wenzake, hastahimili kuishi naye, na hatimaye anamuua. Hapana shaka kwamba Oboler analaani chuki hiyo. Lakini msuko wa hadithi unasema jambo jingine: wanaobaki kuilima ardhi upya ni Michael na Roseanne, wote weupe. Charles amejaliwa kila sifa njema ila uhai.

Ya pili ni The World, the Flesh and the Devil (1959), iliyoongozwa na Ranald MacDougall, na ambayo kampuni ya Harry Belafonte mwenyewe, HarBel, ilishiriki kuitayarisha. Belafonte ni Ralph Burton, aliyenusurika kwa kuwa alikuwa amenaswa mgodini Pennsylvania. Anafika New York iliyo tupu, anarudisha umeme, kisha anakutana na Sarah, mwanamke mweupe. Kanuni za Hollywood za mwaka 1930 zilikuwa zimekataza kuonyesha mapenzi ya weusi na weupe. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1956, ingawa sheria za majimbo dhidi ya ndoa za namna hiyo zilidumu hadi Mahakama ya Juu ilipozibatilisha mwaka 1967.

Katika siku ya kuzaliwa ya Sarah, Ralph anamwandalia karamu, anamwimbia, anamhudumia kama mtumishi, lakini anakataa kuketi naye mezani. Hakimu, polisi na jirani wote wamekufa. Hakuna aliyebaki wa kumzuia. Mpaka wa rangi umekwisha hamia ndani ya nafsi. Hapa filamu inafikia ukweli mchungu ambao hotuba haiwezi kuufikia. Lakini kamera nayo inautii mpaka huohuo: inathubutu kuufuta umati wa New York, isithubutu kuonyesha busu moja.

Anapofika Ben, mwanamume mweupe, uwindaji wa bunduki unaanza mitaani. Ralph anaitupa silaha yake, na mwishowe watatu hao wanaondoka wameshikana mikono. Wahakiki wanaweza kuliita hitimisho hilo woga. Ni woga kweli. Lakini likilinganishwa na kaburi la Charles, ni hatua. Ralph yu hai na anatembea kuelekea kesho, ijapokuwa filamu haikujua bado ataishije humo.