Pointi 11 za Nani?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, sisi tunaosoma udaktari tunageuka washauri wa ukoo mzima. Binamu, jirani, mtoto wa mama mdogo, wote swali lao ni moja: "Dada, kwa pointi hizi Muhimbili naingia?" Siku hizi kabla sijajibu naomba kwanza nione herufi zenyewe. Jumla peke yake hainisaidii.

Hesabu mnaijua. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kwa MD wanaangalia Fizikia, Kemia na Baiolojia. Sasa chukua vijana wawili wenye pointi 11. Wa kwanza ana C ya Fizikia, B ya Kemia na B ya Baiolojia. Wa pili ana A ya Fizikia, halafu C mbili. Kwenye jumla ni mapacha. Mwaka wa kwanza ukianza, mapacha hao wanaachana mapema sana. Kinachowasubiri ni anatomia, fiziolojia na biokemia: majina ya misuli, mishipa na neva kwa mamia, na mabadiliko ya kemikali ndani ya seli ambayo ukisahau hatua moja, mnyororo mzima umekatika. Fizikia ipo, kwenye mwendo wa damu, kwenye lenzi ya jicho, kwenye eksirei. Ila haikubebi.

Simaanishi huyu wa pili hafai. Namwambia aangalie pia shahada za eksirei na mionzi, au uhandisi wa vifaa tiba, ambako ile A itafanya kazi kila siku badala ya kulala kwenye cheti. Na kama moyo wake uko kwenye udaktari kweli, basi achague chuo kwa makini kuliko mwenzake.

Wengi huchagua jina. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, wazee wote wanaijua, na ukiitaja nyumbani mjadala umekwisha. Lakini jina kubwa maana yake wenye pointi 14 na 15 nao wako kwenye foleni hiyo hiyo. Tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja chuoni, si kwa mfumo mmoja wa TCU kama zamani, na kila fomu ina ada yake. Kutuma fomu kwa majina makubwa tu, bila kujitazama, ni kuchoma hela ya mzazi.

Mimi ningeuliza chuo kinapima vipi. Kuna mtu anaandika vizuri mno, lakini mweke mbele ya walimu wawili kwenye mtihani wa mdomo, mfupa mezani, ulimi unaganda. Mwingine karatasi inamtisha ila ukimpa mgonjwa anamhoji mpaka ugonjwa unajitaja wenyewe. Halafu wanafundishaje? Mihadhara ya ukumbi mzima, au vikundi vidogo mnavyopewa kisa cha mgonjwa mkahangaike wenyewe? Aliyezoea noti za mwalimu tangu kidato cha kwanza atateseka kwenye vikundi. Anayejisomea atanawiri. Na kama wewe hushiki kitu mpaka ukione, fikiria umbali wa wodi: Moshi una KCMC, Mwanza una Bugando, UDOM ina Hospitali ya Benjamin Mkapa pale pale.

Nguvu yenyewe usiisome kwenye herufi tu. B ya Baiolojia iliyopatikana kwa kukariri majibu ya mitihani ya nyuma kwa miezi miwili si sawa na B ya yule aliyekuwa anawaelekeza wenzake bwenini usiku. Cheti hakisemi. Mwenyewe unajua.

Nasisitiza kwa sababu kudisko udaktari kunauma kuliko mnavyofikiri. Nimemwona mtu mwenye pointi nyingi kuliko zangu akifunga begi mwaka wa kwanza, deni la mkopo juu yake, na huko kwao kijiji kizima kilishaanza kumwita daktari. Hakuwa mjinga. Takwimu yeye ndiye alikuwa anatufundisha.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatakiwa kuthibitisha kimoja tu, na muda wenyewe ni mfupi. Siku hizo mjomba muache apumzike. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hicho, muulize wangapi walipata sapu ya anatomia mwaka jana, na waliopata walikuwa watu wa namna gani.