Ina Kilomita Ngapi?

Baba yangu hakuwahi kumuuliza mtu bei ya gari mbele yangu. Mteja akiingia gerejini kwetu Majengo, Mombasa, salamu zikikamilika swali lilikuwa moja: "Ina kilomita ngapi?" Akishajibiwa hufuta mikono kwa tambara, kisha huuliza la pili, taratibu zaidi: "Nani alikuwa akiiendesha?" Nilikua nikidhani swali la pili ni la kupigisha gumzo tu. Nimekuja kulielewa nikiwa na miaka 48, huku Leicester, Uingereza, nimesimama mbele ya gari jipya nililolisubiri miezi saba.

Lakini mambo yalianza mwaka 1984. Jirani yetu aliyesafirisha abiria kwenda Malindi alinunua Peugeot 504 mpya, stesheni wagoni, viti bado vimevishwa nailoni. Siku hizi mtu akiona 504 anaona gari la mizigo la wazee. Kwetu lilikuwa gari la kasi, lenye jina. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson, ikashinda tena 1978, Jean-Pierre Nicolas akiendesha. Jirani alitaka kulipeleka Nairobi wiki hiyo hiyo, akawaoneshe wakwe zake. Baba akamkatalia katakata.

"Kwanza Malindi, nenda urudi. Halafu Voi. Nairobi itakuja."

Akampa na masharti. Asikanyage mafuta mpaka chini. Asishike mwendo mmoja kwa saa nzima, bali apandishe na kushusha. Asibebe abiria wa kujazana, na akifika mlima wa Mazeras ashushe gia mapema, asiiache injini ikalia kwa uzito. Zikifika kilomita 1,000, gari lirudi gerejini.

Liliporudi nilikuwapo, nina miaka tisa, kazi yangu kushika tochi. Baba alilegeza nati ya sampu, oili ikamiminika ndani ya karai jeupe la bati. Ilikuwa bado nyepesi, haijawa nyeusi. Akalibeba karai mpaka nje, akaliweka juani, akaliinamisha kidogo upande wangu. Ndani ya oili mlikuwa na unga uking'aa, kama ile rangi wanayopaka kucha mabibi harusi. Akachukua sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, akaizungusha humo polepole, akaitoa ikiwa na ndevu za kijivu.

"Imeharibika?" nikauliza.

"La. Yaota meno."

Maelezo kamili nilikuja kuyapata ukubwani. Ukuta wa silinda hauachwi laini kama kioo. Kiwandani huchorwa kwa makusudi mistari midogo inayokingamana, ili oili ipate pa kushika. Ringi za pistoni zikianza kupita juu yake husaga vilele vya ile mistari mpaka chuma na chuma vishikane vizuri, mgandamizo usivuje. Kazi hiyo hufanyika zaidi katika kilomita za mwanzo kabisa, na kinachosagika huishia kwenye oili. Ringi zisipokaa sawa wakati ule, gari litakula oili maisha yake yote.

504 ile ilibeba abiria wa Malindi miaka mingi. Sitaji idadi ya kilomita kwa sababu mita yake ilikufa kabla ya injini.

Gari langu mwenyewe la kwanza la kasi lilikuwa Subaru Impreza WRX ya 1999, niliyoinunua Mombasa mwaka 2006 ikitokea Japani. Tulikuwa tumemwona Colin McRae akishinda Safari na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, na kila kijana mwenye mshahara aliitaka. Mita ilisoma kilomita 61,000. Nikalipa, ndipo nikampelekea baba. Hata leo sijajisamehe kwa mpangilio huo.

Baba alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti. Kwenye fremu ya mlango palikuwa na kikaratasi cha gereji ya huko Japani, cha kukumbusha kumwaga oili. Maandishi yote ya Kijapani, isipokuwa tarakimu: juu 16, 5, 20, chini 98,400. Akaigonga ile ya chini kwa ukucha. Rafiki yangu wa bandarini alinifasiria baadaye kwamba 16 ni mwaka wa 16 wa enzi ya Heisei, yaani 2004. Basi miaka miwili kabla ya kushuka Mombasa, gari lilikuwa limeshatembea kilomita 98,400. Mtu alirudisha mita nyuma, akasahau kubandua karatasi. Mwenye yadi aliponiona na karatasi ile mkononi aliniambia huenda ni ya mlango wa gari jingine. Hakurudisha hata shilingi.

Ubaya wa kuchezea mita hauishii kwenye bei. Mkanda wa taimingi wa injini ile hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Kwa mita ya 61,000 ungesema una muda wa kutosha. Baba alinisihi tuubadilishe wiki ile ile, nami nikamwomba tusubiri mwisho wa mwezi kwa kuwa fedha yote nilikuwa nimeimaliza kwenye gari. Mkanda ulikatika karibu na Mtwapa. Pistoni zikagonga valvu, valvu zikapinda. Baba aliifungua injini bila kunisema neno moja la lawama, na kimya chake kiliniuma kuliko bili.

Kuanzia hapo gereji ilibadilika. Enzi ya magari mapya ilikuwa imekwisha kwa wateja wetu. Waliokuja walikuja na magari ya mtumba, ambayo utoto wake ulipita mbali na macho yetu. Baba akaacha kuiamini mita. Gari likitoka bandarini alimwaga kila kitu siku hiyo hiyo: oili ya injini, ya giaboksi, ya difu, maji ya rejeta, na mkanda kama upo. "Mimi naanza kuhesabu leo," alisema, akaandika tarehe kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha plasta, akakibandika pale pale penye karatasi ya Kijapani.

Nilihamia Uingereza mwaka 2011. Mwaka 2023 niliagiza BMW M2 mpya, gia za mkono, nguvu za farasi 460, gari linaloundwa San Luis Potosí, Mexico. Maisha yangu yote sikuwahi kuwa na gari ambalo mimi ndiye wa kwanza. Siku ya kulipokea nikaingia ndani, nikawasha, nikatazama mita: maili 140. Kilomita 225.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema ni majaribio ya kawaida, na kwamba gari limeoshwa vizuri. Maili chache ni haki yake: kiwandani hujaribiwa, huendeshwa kuingia melini na kutoka, hukaguliwa kabla ya kukabidhiwa. Hizo hazifiki 140. Nilitoka nje nikampigia baba.

"Shikamoo baba. Ina kilomita 225."

"Marahaba mama. Nani alikuwa akiiendesha?"

Nikarudi ndani nikauliza swali hilo hilo kwa Kiingereza. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kitabu cha gari hilo kinasema mpaka kilomita 2,000 injini isivuke mizunguko 5,500 kwa dakika, na mafuta yasikanyagwe hadi mwisho. Tairi nazo huhitaji kilomita kama 300 kabla ya kushika vizuri, breki kama 500. Mtu aliyelichukua kwa maili 140 ili ajifurahishe hakukisoma kitabu hicho. Huku gari hukaguliwa kwa amri ya serikali, na kilomita zake hubaki kwenye kumbukumbu ambayo yeyote huiona bure kwenye intaneti. Lakini ukaguzi wa kwanza huja gari likifikisha miaka mitatu. Zile kilomita za kuota meno haziandikwi na mtu. Nililikataa. Nikasubiri wiki tano nyingine, likaja lenye maili 11.

Nililizoeza kama 504. Sikulipeleka kwenye barabara kuu ya mwendo mmoja. Nilipita A6 kwenda Matlock, milima na kona, nikipandisha na kushusha gia. Jirani yangu ana BMW ya kawaida ya familia. Lake oili ya kwanza ilitakiwa kukaa hadi miaka 2 au kama maili 18,000. Vyuma siku hizi huchongwa kwa usahihi zaidi, oili nazo ni bora, na kwa magari mengi ile service ya kwanza ya mapema imefutwa. Lakini kwa magari yao ya M wenye kiwanda bado wanaidai, kwenye maili 1,200. Nilikokotoa nikaona ni kama Mombasa na Nairobi mara nne. Mimi naamini hata hilo la jirani lingemwagwa mapema, na nimemwambia.

Siku ya service niliomba kitu kimoja: oili ya difu kidogo kwenye chupa. Injini ina filta inayokamata unga. Difu haina. Meno ya gia zake husagana kwa joto na uzito, na kila kinachotoka hubaki humo kikizunguka, ndiyo maana nayo humwagwa pamoja na ya injini. Fundi, mwanamke wa makamo, hakunishangaa. Aliijaza chupa, akaifuta nje kwa tambara kabla ya kunipa.

Nyumbani nikaimimina kwenye sahani nyeupe, nikampigia baba kwa video. Sasa ana miaka 81, jicho moja limepata mtoto. Akaniambia niisogeze dirishani. Nikaisogeza. Akaniambia niinamishe sahani, si hivyo, upande wa kwake. Nikainamisha, na unga ukateleza ukimeta pembeni. Akatazama kwa muda mrefu, uso umejaa kioo chote cha simu.

"Na hiyo mpya washaitia?"

"Washaitia, baba. Ya injini na ya difu."

"Haya mama. Sasa yaweza kwenda Nairobi."