MDOGO, LAKINI HAJAPUNGUKIWA KITU

Neno letu leo ni Mathayo 18:10, mahali Bwana anapotukataza kuwaona wadogo kuwa si kitu.

Katika matanga mengi huku kwetu nimesikia mtu mzima akisema mbele ya mtoto aliyefiwa: "Huyu bado mdogo, atasahau." Mtoto anatumwa maji, anatumwa kuni, na hakuna anayeketi naye. Leo tuliangalie neno hilo "mdogo". Nitalieleza kwa reli tunayoijenga nyumbani kwangu hapa Lubao.

Mtoto wa marehemu ndugu yangu, mwenye miaka 11, anaishi nasi. Baba yake alikuwa amemwahidi kumpandisha treni ya Butere, lakini kifo kikatangulia. Basi tukaamua kuijenga treni hiyo juu ya meza, kwa katoni, waya, gundi na vijiti vya kiberiti.

Reli ndogo ina sheria moja: kipimo. Tulichagua 1 kwa 50, yaani kila mita ya kweli inakuwa sentimita 2. Reli yetu ya zamani, ile iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, ina upana wa mita moja. Kwa hiyo kati ya waya zetu mbili ni sentimita 2 kamili. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 4. Kisumu hadi Butere ni kama kilomita 69. Kwa kipimo hicho tungehitaji meza ya karibu mita 1,400! Tukajenga steshen moja tu, Luanda, ambako wangepandia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kupunguza ukubwa si kupunguza vitu. Vijiti vya kiberiti vikawa mataruma, tukavibandika kimoja kimoja. Tukachekecha mchanga kupata kokoto. Maranda ya seremala tukayapaka rangi ya kijani yakawa nyasi. Behewa lina madirisha, ngazi za kupandia na taa, kama lile kubwa. Ukiacha kitu kwa sababu ni kidogo, jicho litakiona kimekosekana. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Lubao, wenye soko la mbwa, kijana alisokota mbwa wa waya akamlaza kivulini.

Jioni moja alileta tepu ya kupimia. Akajipima ukutani: mita 1.30. Akakata mtu wa katoni wa sentimita 2.6. Kisha akanipima mimi: mita 1.70. "Baba mdogo, baba alikushinda urefu kwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akakata mtu wa sentimita 3.5, akawasimamisha wote wawili kando ya reli, bega kwa bega. Ndipo akauliza swali alilokaa nalo tangu mazishi: "Baba alijua anakufa?"

Nilimjibu kwa ukweli ninaoujua: alijua, na siku ile alimtaja mwanawe kwa jina. Tuliongea mpaka chakula kikapoa, na tukalia.

Watu wa Mungu, je, huyo ni mtoto anayesahau? Ile ilikuwa huzuni nzima, pamoja na maswali yake yote, ndani ya mwili mdogo. Haikupungukiwa kitu.

Someni pia 1 Nyakati 28:11-19. Daudi hakuruhusiwa kulijenga hekalu, lakini alimwachia mwanawe ramani yake, hata uzito wa vinara na uma. Mungu anayejali uzito wa uma atakosaje kuona uzito ulio moyoni mwa mtoto?

Mpendwa, kama nyumbani mwako kuna mtoto aliyefiwa, usimwambie kwamba baba amesafiri. Mwambie ukweli kwa maneno ya umri wake. Mtafutie kazi ya mikono mfanye pamoja, hata kama ni kuchambua maharagwe. Watoto wengi hufungua mdomo mikono ikiwa na kazi.

Tuombe: Baba, tufundishe kuwasikiliza wadogo kama wewe unavyowasikiliza. Katika jina la Yesu, amina.

Usiandike jina la mtoto huyo hapa. Mtaje mbele za Mungu, kisha leo jioni uketi naye.